Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kavinya amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Kanada, pamoja na ufadhili kamili. Aliyesema ni Kavinya mwenyewe, saa kumi na mbili na robo jioni, akiwa amesimama mlangoni pangu hapa Kariobangi South na sare ya kliniki bado mwilini. Barua ya chuo nimeiona kwenye simu yake. Sharti ni moja: kufikia Ijumaa, tarehe 30 Mei, chuo kiwe kimepokea tathmini ya digrii yake kutoka kwa shirika linalotambuliwa huko. Mashirika hayo husoma vyeti vya nchi moja na kueleza vina uzito gani katika nchi nyingine.

Kavinya ni binti wa dada yangu Wavinya. Ana miaka ishirini na saba na ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Anajua kwamba mwezi Januari nilipeleka digrii yangu ya India kwenye shirika kama hilo, kwa sababu chuo kimoja mjini kinataka nifundishe uandishi wa habari jioni.

"Anko, kuna aina mbili. Hati kwa hati, na somo kwa somo. Wewe ulichukua gani?"

"Hati kwa hati."

"Na mimi?"

"Hiyo hiyo. Ndiyo ya kawaida."

"Sawa basi. Nilijua utajua."

Hakukaa hata kunywa chai. Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaza fomu ya Kavinya. Katika ukoo wetu karatasi zote hupitia kwangu. Nina faili la rangi ya kaki lililofungwa kwa kamba, na ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba la shemeji yangu Kitonga, kadi za kliniki za watu ambao sasa ni wazazi, na matangazo mawili ya vifo niliyoyaandika mwenyewe. Desturi hii ilianza niliporudi kutoka Pune, India, na digrii. Hakuna aliyeipigia kura. Mtu akipata barua yenye muhuri, hailali kwake.

Kavinya alitia sahihi mahali nilipomwonyesha. Hakusoma. Hakuna anayesoma kitu nilichokwisha kusoma mimi.

Jumanne, 11 Machi

Mawingu tu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya masika imeanza saa nane mchana. Ghorofa ya chini maji yameingia kwa fundi wa redio. Gazetini, mvua tumeiandikia aya nne.

Jumatano, 2 Aprili

Tathmini ya Kavinya imefika. Ukurasa mmoja wenye nembo. Inasema digrii yake ni sawa na digrii ya miaka minne ya huko. Nimeituma chuoni saa tano na dakika kumi. Kavinya aliandika kwenye simu: "Anko wewe ni mnoma." Nilimwambia atumie Kiswahili kizuri. Akaniambia hicho ndicho kizuri.

Jumapili, 6 Aprili

Ibada ya shukrani nyumbani kwa Wavinya, baada ya kanisa. Wamama wa kanisa kumi na wawili, pasta, majirani. Wavinya alikuwa ameutia ukurasa ule ndani ya karatasi ya nailoni, ukazunguka mkono kwa mkono kama picha ya harusi.

Ulipofika kwa Kitonga, mume wa Wavinya, aliugeuza. Kitonga ni mchonga vinyago, ana kibanda upande wa Majengo miaka thelathini sasa. Aliangalia nyuma, hakuona kitu, akaurudisha mbele.

"Shemeji, masomo yako wapi?"

"Masomo gani?"

"Aliyosoma. Miaka minne. Hapa wanasema ana digrii, basi. Hiyo hata mimi najua."

"Hiyo ni tathmini, shemeji. Si ripoti ya darasa la nne."

Watu wakacheka. Kitonga hakuudhika.

"Mimi huuza twiga," akasema. "Mnunuzi akija, kwanza anamgeuza aone miguu. Halafu anamsimamisha juu ya kioo aone kama anatikisika. Ndiyo maana nauliza."

"Huko Kanada hawanunui twiga."

Wakacheka zaidi. Pasta pia. Kitonga alicheka nao, akampa mtu wa pili karatasi.

Nimeandika maneno haya kama yalivyosemwa kwa sababu usingizi wa mchana umekataa.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimesoma ukurasa wa pili.

Maelezo ya shirika yana kurasa mbili. Wa kwanza unaeleza tathmini ya hati kwa hati: inathibitisha kwamba cheti ni cha kweli na kinalingana na nini. Inawafaa wanaotafuta kazi. Wa pili unaeleza tathmini ya somo kwa somo: kila somo, saa zake, alama yake, na wastani wa jumla. Inawafaa wanaotaka kuingia chuo kikuu, au kupewa leseni ya taaluma kama uuguzi na tiba ya viungo. Sentensi ya kwanza ya ukurasa wa pili inasema hivyo waziwazi. Na sentensi ya mwisho inasema mwombaji aulize kwanza yule atakayeisoma anataka ipi. Hilo ni jambo ambalo nimewafundisha waandishi wachanga tangu mwaka 1999: kabla ya kuandika, jua nani atasoma.

Mimi sikuusoma ukurasa huo mwezi Januari. Niliuona. Niliona maneno "alama za kila somo" juu kabisa, nikaufunga.

Sababu naijua. Transkripti yangu ya Pune, ile orodha ya masomo na alama, imo chini ya godoro tangu mwaka 1998. Inaonyesha kwamba nilianguka somo la Uandishi wa Taarifa mara mbili. Mara ya tatu nilipita kwa alama arobaini na moja, na kiwango cha kupita kilikuwa arobaini. Digrii yangu ni ya daraja la mwisho. Cheti chenyewe hakitaji daraja. Baba aliponiuliza nilikuwa wa ngapi, nilisema wa kwanza. Alichinja mbuzi kule Masii, akaalika kijiji.

Kwa hiyo nilichagua aina isiyoonyesha alama kwa sababu ilinifaa kuficha, kisha nikampa mtoto wa dada yangu chaguo hilo hilo kana kwamba ni ujuzi. Chanzo changu kilikuwa aibu yangu mwenyewe. Sikuwa na chanzo cha pili.

Kutoka leo hadi tarehe 30 Mei ni siku hamsini na mbili. Zinatosha. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 9 Aprili

Sikumwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikumwambia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimejiambia kwamba huenda chuo kikakubali ukurasa mmoja. Nani amesema? Hakuna aliyesema.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Chakula kwa Wavinya. Amepika muthokoi na kuku. Kavinya ameanza kugawa vitu vyake: jiko la gesi kwa binamu yake, koti kwa jirani. Alinifuata jikoni nikinawa mikono.

"Anko, chuo hawajajibu. Wiki mbili na nusu. Ni kawaida?"

"Ni Pasaka. Ofisi zimefungwa."

"Hata huko?"

"Pasaka ni kila mahali."

"Haya. Wewe ukisema tulia, natulia."

Alinipa taulo. Hadi sasa nilikuwa mtu aliyekosea. Kuanzia saa saba na nusu leo ni mtu aliyedanganya. Tofauti hiyo huwa naisisitiza sana ninaposahihisha habari za wengine.

Alhamisi, 24 Aprili

Mafuriko Kware. Eve, mwandishi wa mwaka wa pili kwenye meza yetu ya habari, aliandika kwamba wapangaji wamehamishwa kutoka jengo fulani. Dakika ishirini baada ya habari kutoka mtandaoni alikuja kusimama mbele yangu.

"Mzee, nimekosea jengo. Ni lile linalofuata."

"Umejuaje?"

"Mlinzi amenipigia. Nimehakikisha na mama mmoja wa pale chini."

"Kuna aliyelalamika?"

"Bado."

"Mbona hukungoja?"

Alinitazama kama mtu anayejaribiwa. "Si wewe ndiye ulituambia kosa likijulikana asubuhi, jioni isilikute?"

Ni mimi. Tulisahihisha, tukaandika chini kwamba tumesahihisha. Aliporudi kwenye kiti chake alikuwa anapiga mluzi. Kosa langu mimi lina siku kumi na sita.

Jumatatu, 28 Aprili

Chuo kimekataa tathmini. Aliyesema ni Kavinya, kwa simu, saa tatu asubuhi. Nilimkuta nyumbani kwao, ameketi juu ya mkono wa kochi. Barua ina mistari minne. Wanataka ya somo kwa somo. Tarehe ya mwisho haibadiliki.

"Wanasema hii yetu ni ya kutafutia kazi," alisema. "Anko, kumbe zinatofautiana?"

"Zinatofautiana."

"Na sasa?"

"Tunaomba ya pili leo. Shirika litataka transkripti kutoka kwa msajili wa chuo chako, kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, isipitie mkononi mwetu."

Nilieleza vizuri sana. Nilieleza kama mtu aliyeusoma ukurasa wa pili kwa wiki tatu, na hakuna aliyeuliza nimeujulia wapi. Wavinya alisema, "Mungu ametupa huyu kaka." Kitonga alikuwa kwenye mlango wa nyuma akipiga msasa mguu wa kiti. Hakunitazama.

Siku zilizobaki ni thelathini na mbili. Zingekuwa hamsini na mbili.

Ijumaa, 2 Mei

Ofisi ya msajili imepokea ombi. Karani amesema wiki tatu na nusu, muda wao wa kawaida. Kavinya aliomba waharakishe. Amejibiwa kwa heshima kwamba kila aliye kwenye foleni ana haraka.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Barabara ya nyuma ya soko haipitiki.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesema.

Nilifika kwa Wavinya saa sita mchana kuchukua nakala ya pasipoti ya Kavinya. Mlango ulikuwa wazi, na kabla sijabisha nilimsikia Kavinya akizungumza na mama yake.

"Usimlaumu Anko. Ni mimi nilimuuliza vibaya. Nilisema 'wewe ulichukua gani,' sikusema ni ya chuo. Yeye alijibu nilichouliza."

"Lakini alijua unaenda chuo."

"Mama, wacha. Mtu anasaidia, halafu tunamkalia."

Nimeripoti kesi za mauaji, maiti za mtoni, mawaziri wakilia kizimbani. Sijawahi kushindwa kuingia mlango. Leo nilisimama pale hadi Kitonga alipotokea nyuma yangu na mfuko wa unga.

"Shemeji, mvua haikunyeshei?"

Ilikuwa inaninyeshea. Tuliingia pamoja. Sikukaa.

"Kavinya hakuniuliza vibaya," nilisema. "Aliniuliza sawasawa. Mimi sikuwa nimesoma."

"Hukusoma nini?" Wavinya aliuliza.

"Ukurasa wa pili. Wa aina ya pili. Nilijua upo, nikauacha mwezi Januari. Nikamwambia aache pia."

Kavinya aliweka kikombe chini. "Ulijua lini kwamba tumekosea?"

Lilikuwa swali zuri. Ndilo swali ambalo mimi ningeuliza.

"Tarehe nane Aprili. Siku mbili baada ya ibada."

Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, taratibu, akirudia. "Pasaka ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Jikoni. Uliponiambia ofisi zimefungwa."

"Ndiyo."

Wavinya alikuwa ameshika kiuno. "Mwanzia, lakini kwa nini mtu asome ukurasa mmoja aache mmoja? Wewe? Wewe unasoma hata karatasi ya kufungia nyama."

Basi nikawaambia na hilo. Pune, Uandishi wa Taarifa, mara mbili, arobaini na moja. Niliwaambia hati hiyo iko chini ya godoro.

Kisha Wavinya akasema, "Na mbuzi wa Baba?"

"Aliliwa."

"Najua aliliwa. Mimi ndiye niliyesafisha matumbo. Nilisimamishwa kazi siku mbili kwa kuchelewa kurudi, sababu ya mbuzi wa mtu wa kwanza." Midomo yake ilitetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kucheka kwake hakukunipunguzia kitu.

Nilisema ningeweza kuileta transkripti yangu, Kavinya aone orodha kama hiyo inavyokuwa.

"Hiyo ya kwako haimsaidii mtu," Kitonga alisema. "Iache hapo ilipo."

Kavinya hakucheka wala hakulia. Alinisindikiza hadi ngazi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Anko, ungesema tu hujui. Ningetafuta mwenyewe. Mimi husoma."

"Najua unasoma."

"Hujui," alisema. "Hujawahi kuniacha nisome."

Alhamisi, 15 Mei

Kazi. Nyumbani. Hakuna aliyepiga simu.

Jumatatu, 19 Mei

Somo langu la kwanza chuoni mjini. Wanafunzi kumi na wanane. Mada: Uandishi wa Taarifa. Mwanafunzi mmoja, Burale, aliuliza mwandishi afanye nini akigundua amekosea na hakuna aliyegundua isipokuwa yeye. Nilimjibu sawasawa. Niliwaambia pia kwamba somo hili nililianguka mara mbili. Walidhani ni mzaha, wakacheka. Sikuwasahihisha kwa nguvu ya kutosha.

Ijumaa, 23 Mei

Msajili ametuma bahasha. Aliyesema ni Wavinya, kwa ujumbe wa maneno matatu: "Bahasha imeenda leo." Ujumbe hauna jina langu mbele wala asante nyuma.

Ijumaa, 30 Mei

Tarehe ya mwisho. Tathmini haijatoka. Mvua imepungua, sasa ni baridi.

Jumatatu, 9 Juni

Tathmini ya somo kwa somo imetoka. Kavinya amenitumia nakala, kurasa tano. Masomo arobaini na mawili, saa za kila moja, alama ya kila moja. Nimesoma zote tano. Wastani wake kwa kipimo cha huko ni tatu nukta saba juu ya nne. Anatomia, A. Tiba ya mgongo, A. Mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, A. Katika miaka minne hakuanguka somo hata moja, na mimi sikuwahi kumuuliza alama zake. Nilikuwa nadhani alama ni kitu ambacho mtu mzima hupendelea kisiulizwe.

Imechelewa kwa siku kumi. Mimi nilikaa na kosa langu siku ishirini.

Ijumaa, 13 Juni

Chuo kimejibu. Nimeambiwa na Kitonga, aliyenisimamisha karibu na soko la Kariobangi akiwa amebeba gogo la mpingo begani. Nafasi ya Kavinya imewekwa hadi Januari. Ufadhili haukuweza kusubiri. Umepewa aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Bila ufadhili nafasi ile ni barua tu.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema kuna ufadhili mwingine. Anatafuta."

"Nimsaidie?"

Alihamisha gogo bega la pili. "Shemeji, mimi nikichonga twiga mguu ukawa mfupi, siwezi kuurefusha. Napunguza hiyo mitatu. Twiga anakuwa mdogo, lakini anasimama. Wewe punguza."

Jumapili, 15 Juni

Kavinya alikuja saa nane mchana. Alibisha, ingawa mlango ulikuwa wazi. Zamani hakubisha.

"Shikamoo, Anko."

Hajaniamkia hivyo tangu shule ya msingi. Huwa ni "Sasa, Anko" na ngumi ya kugonganisha. Niliitikia.

"Nimekuja kuchukua karatasi zangu."

Nilifungua faili la kaki mezani. Alitoa zake moja moja: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, leseni, cheti cha digrii, tathmini ya kwanza ndani ya nailoni yake. Hii ya mwisho aliiangalia nyuma na mbele, akaiweka pamoja na zingine. Alikuwa amekuja na faili lake, la plastiki ya bluu, jipya, na jina lake ameliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

"Chai?"

"Niko na zamu saa tisa."

Alisimama akisita.

"Na Baba amesema, kama si shida, nimpelekee hati ya shamba."

"Ana shida nayo?"

"Hana. Anataka tu kuisoma."

Nilimpa. Hati hiyo nimekaa nayo miaka ishirini na sita, na nilipoiinua niliona sikuwahi kuwasomea yaliyoandikwa nyuma yake. Kavinya aliigeuza papo hapo, akasoma nyuma kwanza, mistari yote, akiwa amesimama. Kisha akaitia ndani ya faili la bluu.

"Huo ufadhili mwingine," nilisema. "Wanataka tathmini ya aina gani?"

"Nimewapigia, nikawauliza. Somo kwa somo. Ninayo tayari."

"Nani aliyekujibu?"

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Mei. "Mama mmoja wa ofisi ya udahili. Nimemwomba aniandikie pia kwa barua pepe. Ameandika."

Chanzo, tena kwa maandishi.

Kamba ya faili la kaki imekuwa ndefu kupita kiasi kwa vilivyobaki. Maombi ya ufadhili yanafunguliwa Jumanne, tarehe 1 Julai, saa tisa alasiri kwa saa zetu. Kavinya atajaza fomu mwenyewe.